Pazia Lililofukizwa

Sogeeni, wajukuu zangu, jifunikeni blanketi. Mwenye kukohoa akohoe sasa, kisha kimya. Habari hii haipendi kukatizwa.

Time binti Shaame, Mpemba wa Wembley, alikuwa akibuni majukwaa ya baleti katika jumba moja kongwe la opera hapa London. Jumba hilo liliungua zamani, likajengwa, likaungua tena, likajengwa juu ya majivu yake. Mwaka juzi wenye jumba wakataka historia yake ichezwe jukwaani, na Zahra, mwanawe wa pekee, ndiye mchezaji wa mbele. Time akachora pazia la nyuma, jumba la kale kabla ya moto, madirisha yote giza.

Lilipokauka akalifukiza udi, kama tufukizavyo nguo ya bi harusi. Udi haukuwa kosa. Kosa ni chetezo, kile chombo cha kufukizia. Alitumia cha marehemu mama yake, ambacho kilikuwa kikiwashwa kwa ajili ya jini wa ukoo tu, kisha akakirudisha kabatini bila kumuaga mgeni.

Kesho yake dirisha moja la pazia lina mwanga. Time akawafokea wapaka rangi, wakaapa hawajaligusa. Akalipaka jeusi. Waliporudi kutoka kula mchana wakalikuta linawaka, na la jirani yake pia. Harufu ya udi ikashika mpaka viatu vya wachezaji. Kalpana, mshonaji wa mavazi, akatania kwamba jumba limepata mchumba, ndiyo maana linajifukiza. Walicheka kidogo.

Halafu, katikati ya mazoezi, Zahra akasema nyayo zinamuunguza. Muziki ulikwisha kuzimwa, naye bado anazunguka, anazunguka, anamlilia mama yake amshike, na nyuma yake madirisha yanawaka moja baada ya jingine, na kila Time akimkamata mikono ile ni ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni, anamwachia, anamrudia, anamwachia tena, huku anamwita Mungu na mama yake aliye kaburini.

Wakampigia simu Muhsin, kaka wa Time akaaye Hounslow, aliyeachiwa dua za baba yao. Alikuja na sare yake ya uwanja wa ndege, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Ndipo kinywa cha Zahra, mtoto aliyezoea kujibu Kiingereza, kikatoa Kipemba cha kizee.

"Mimi wa moto. Mumenifukizia nyumba ilowaka mara mbili, leo mwanifukuza. N'ende wapi?"

Time akapiga magoti.

"Muache mwanangu. Njoo kwangu. Mie ndiye n'lokwita."

"Usimkaribishe, dada," Muhsin akanong'ona. "Akiingia, hatoki."

Time hakumtazama, akafungua mikono.

Zahra akaanguka, nyayo zimepoa. Madirisha yakazimika, ila moja.

Time hakumaliza mwaka, Mungu amrehemu. Pazia limebaki jumbani, limekunjwa. Brashi kapewa Kalpana. Nyumba ya Wembley kaipata Zahra. Chetezo kaachiwa Muhsin akizike, naye akakizika kwa mikono yake, Hounslow, kwenye udongo wa mvua. Aliporudi Wembley kumwambia mpwawe kazi imekwisha, akamkuta Zahra amesimama mbele ya kabati. Chetezo kimo ndani, hakina mkaa wala udi, nacho cha moto.