Ethel Anaandikia Bombani

Stendi ya Masasi siku ya Ijumaa haina adabu. Wapiga debe wanavuta watu mikono, muziki wa madukani unagombana na honi. Katikati ya vurugu hizo alisimama Ethel, gauni la kitenge cha njano, viatu vyekundu vya wazi, na meza mpya ya mbao mbele yake.

"Dada, unahama au unafungua shule?" Mwanamume mmoja alimwuliza kutoka dirishani mwa kirikuu nyeupe ya mizigo. Shati lake la drafti lilinyooka kwa pasi, mikono imejaa vumbi la saruji.

"Naandika kitabu, kaka. Nifikishe Newala, maswali baadaye."

"Kitabu cha nini?"

"Cha mapenzi."

"Basi wewe panda mbele. Meza ikae nyuma."

Huyo ndiye Walter, mtu wa Lulindi, na kabla hawajamaliza kupanda mlima walikuwa wanacheka kama waliosoma pamoja. Ethel alikuwa ametoka semina ya waandishi. Mwezeshaji, bwana wa tai na koti, aliwafundisha kwamba mwandishi wa kweli huamka alfajiri, hufunga mlango, huketi mezani peke yake, kimya. Ethel aliamini. Watu wa huku tumezoea kufundishwa namna ya kuishi na watu ambao hawajalala kwetu hata usiku mmoja, na ubaya zaidi, tumezoea kuwapigia makofi.

Meza ilimshinda. Kila alfajiri aliketi, akautazama ukuta, akasinzia. Maneno yalimjia bombani. Newala iko juu, maji yako chini, na kila mgombea ameahidi kuyapandisha tangu bibi yake Ethel akiwa mwali. Bibi amezikwa, foleni ipo. Humo ndimo Ethel alimosimama, simu mkononi, kidole gumba kinakimbia, huku akina mama wakiwasema waume zao.

"Umeniandika?" Mama Sharifu, jirani yake, aliuliza.

"Nimekuandika, mama. Ila nimekupunguza umri."

"Punguza na tumbo!"

Nusu ya kitabu ilitoka hapo. Walter hakujua. Alichojua ni kwamba Ethel, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake, anabeba ndoo, na moyo ukamuuma. Akanunua tangi kubwa jeusi, akalipandisha Newala, akawa analijaza yeye mwenyewe.

"Sasa tulia, mamii, uandike."

Ethel alimkumbatia. Nani angekataa? Lakini tangu siku ile hakuandika sentensi moja. Nyumba ikawa kimya kama bwana wa semina alivyotaka, na kichwa nacho kikanyamaza. Mchapishaji wa Dar es Salaam alikuwa ameshasema: muswada uwe umefika kabla ya minada ya korosho kuanza, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Ethel akachukua ndoo yake, akarudi bombani. Maji ya tangi akawaachia wazee wa mtaani.

Umbea ukashuka Masasi hadi kwa Walter. Simu ikalia.

"Ethel, tangi limepasuka?"

"Halijapasuka."

"Na kila asubuhi uko bombani. Unamfuata nani? Yule Hamudi anayefungua koki?"

"Hamudi! Una akili kweli, Walter? Nafuata kelele."

"Kelele?"

"Nikiwa peke yangu siandiki. Watu wakiongea masikioni mwangu, naandika. Ndivyo nilivyo."

"Kwa hiyo wema wangu umekuharibia."

"Ndiyo."

Simu ikakatika. Ethel angeweza kulipaka sukari lile "ndiyo", lakini angekuwa anadanganya. Walter hakupiga tena. Naye hakumbembeleza. Aliandika macho yakiwa mekundu, na kitabu kikasonga hadi sura ya mwisho.

Siku anaimalizia sura hiyo, kirikuu ikaegeshwa karibu na foleni. Walter akashuka na ndoo.

"Shikamooni, akina mama."

"Marahaba, mkwe," alijibu Mama Sharifu. "Foleni inaanzia nyuma."

Akaenda nyuma. Asubuhi nzima alisimama akisikiliza, akitaniwa, akicheka peke yake. Ethel alipomaliza kuandika akamfuata.

"Mama Sharifu amenisema mpaka basi," Walter alisema. "Sasa nimeelewa. Nisamehe kuhusu Hamudi."

"Hilo nakusamehe. Maji usiyaombee msamaha. Ni haki yetu, na siku yakifika kila nyumba nitapiga vigelegele kuwashinda wote hawa, kisha nitahamia kwenye kelele nyingine. Asije mtu akasema tabu ndiyo inayoniandikisha. Ni watu."

Walter akakuna kichwa. "Nilipanga tujenge Lulindi, nyuma ya kanisa. Kumetulia sana."

"Utaishi peke yako."

"Najua. Ndiyo maana nimetafuta nyumba Masasi. Imepakana na mashine ya kusaga. Inalia kutwa, na watu wanagombania zamu chini ya dirisha."

"Umeisikia kwa masikio yako?"

"Jana nimeshinda pale. Kichwa bado kinagonga."

Ethel alicheka hadi watu wakageuka. Walter hakucheka.

"Baba mdogo anataka kuleta posa kwenu Jumamosi. Aje?"

"Aje," Ethel alisema. "Ila mchana. Asubuhi naandika."