Delco ya Jaguar

Clémence alikuwa akipita katikati ya soko la Bunia, beseni la samaki wakavu wa Tchomia kichwani, alipogonga goti kwenye gari la kijani. Lilikuwa Jaguar la Waingereza, refu, la chini, lililotengenezwa ili matajiri waende mbali bila kuchoka. Kiooni palibandikwa karatasi: À VENDRE, yaani linauzwa.

"Pole, mama," akasema Sébastien, fundi aliyevaa salopeti yenye mafuta. Gari alilirithi kwa baba yake, naye baba aliachiwa na Mgiriki mwenye shamba la kahawa.

"Usukani iko kulia, kwa upande ya abiria. Huku Kongo dereva anakaa kushoto. Nani atanunua kilema hii?"

"Haina kilema. Inangoja mwanamuke wa kukaa kushoto, watu waseme ni yeye anaendesha."

Clémence alicheka mpaka samaki wawili wakaanguka.

Mapenzi yalianzia hapo, vita au si vita. Wapiganaji walinyang'anya kila gari linalowaka, kwa hiyo wenye magari waling'oa kipande kimoja na kukificha kwa mtu wa kuaminika. Sébastien alitoa delco, kifaa kidogo kinachogawa moto wa injini, akampa Clémence. Naye akakificha nyumbani kwake, mtaa wa Saio, chini ya samaki. Wapiganaji walikuja kweli, wakasukuma gari, wakatukana, wakaenda zao.

Kisha ikaja simu ya Sébastien.

"Chérie, lete delco. Adolphe wa Aru anakuja kununua leo."

"Ukishauzisha, utaenda wapi?"

"Usiulize sasa. Nitakuambia."

Clémence akakumbuka: Alhamisi jirani yake Emérance alimwona Sébastien akipanda lori na mfuko. Wanaume wengi walikuwa wakiuza vitu na kukimbilia Kampala peke yao.

"Delco imepotea," akasema, akakata simu, akalia.

Siku mbili hakupokea simu. Ya tatu aliona haya. Kitu si chake. Akavaa kitenge cha manjano ambacho Sébastien alikipenda, ili wakiachana amkumbuke akiwa amependeza, akamfuata kwenye gari.

"Kamata delco yako. Enda na Kampala yako."

"Kampala gani?"

"Alhamisi ulibeba mufuko!"

"Nilienda Marabo, kwa mujomba wako Evariste! Mufuko ilikuwa na chumvi na koti yake."

Clémence akaelewa. Kwao mwanaume anayetaka kuoa huanza kwa mjomba wa binti. Binti akiambiwa mapema, mjomba hukasirika.

"Alitaka ng'ombe za mahari, ndiyo nikataka kuuzisha. Adolphe alikuja, gari ikakataa kuwaka, akarudi Aru na matusi. Leo asubuhi mujomba amepiga simu: ng'ombe zingoje, vita itazikula. Anataka tu apandishwe Jaguar siku ya ndoa."

"Na miye, nani ameniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Unakubali?"

Clémence akabandua ile karatasi kiooni.

"Nitakaa kushoto."

Jumamosi Jaguar lilishuka barabara kuu likinuka samaki. Nyuma, mjomba Evariste alikuwa amekunja magoti hadi kidevuni, anacheka kama mtoto. Sébastien aliendesha akiwa amekaa kulia. Kushoto, ndani ya gauni jeupe, alikaa Clémence.

"Clémence! Umejifunza kuendesha lini?" wakapiga kelele wanawake wa sokoni.

Clémence akatoa mikono yote miwili dirishani, akawapungia. Soko zima likakimbia kutoka barabarani.