Kishikio cha Shaba

Rafiki yangu Verna Lindquist, seremala wa hapa Saint Paul, alinisimulia haya bila kuniangalia usoni.

Alikuwa akikarabati kasri ambalo tajiri mmoja wa reli aliliacha kule kilimani. Katika ujia wa watumishi, usio na dirisha hata moja, aliona kishikio cha mlango cha shaba, akakitamani. Akakifungua skrubu, akakitia mfukoni.

Kesho yake msimamizi alipoona kishikio hakipo, akamgeukia Odessa, mama msafishaji.

"Ni wewe tu unayepita huku!"

"Bosi, nikipeleke wapi? Mimi nimepanga chumba, hata milango si yangu."

Akafukuzwa. Verna alikuwa palepale akipiga msasa, na hakufungua mdomo. Mpaka leo Odessa hajarudishwa.

Siku ya tatu aibu ilimzidi Verna. Mchana, wenzake walipokwenda kula, akaingia ujiani na tochi kukirudisha kimyakimya. Mlango wenyewe ulikuwa wa uongo. Tajiri aliuweka ili ulingane na ule wa mkabala, na nyuma yake hakuna chumba, ni tofali tupu.

Alipokaza skrubu ya mwisho, akasikia hatua zikikaribia. Akaizima tochi upesi, asionekane. Hatua zikakoma. Gizani, kishikio kikazunguka polepole ndani ya kiganja chake.

"Odessa?" akanong'ona. "Nisamehe, dada."

Nyuma ya ubao wa mlango, penye tofali, mtu alikohoa kidogo, kwa adabu, kama mtumishi aliyebeba sinia akingoja kufunguliwa.