Mwangwi Usiohama

Maiti ya fundi ililala kifudifudi chini ya mnara wa rada, fuvu limepasuka. Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia. Alikuwa amechoka na maiti, na amechoka zaidi na watu wanaozizunguka wakisema ni ajali.

"Kateleza, afande," alisema mkuu wa kituo. "Tena ni shemeji yangu. Kamuoa mdogo wangu."

Inspekta alipanda chumba cha rada. Mwendesha mitambo, binti mmoja aliyevimba macho kwa kulia, alimwonyesha alama mbili kwenye skrini.

"Moja ni meli, moja ni kivuli tu. Rada ikituma mipigo ya mawimbi harakaharaka, mwangwi wa kitu cha mbali unachelewa, unadhaniwa ni wa mpigo uliofuata. Basi kitu kinaonekana karibu, kumbe kiko mbali huko."

"Mnavitofautishaje?"

"Tunabadilisha muda kati ya mpigo na mpigo." Akabonyeza. Alama moja ikaruka, nyingine ikatulia. "Cha kweli hakihami." Akashusha sauti. "Marehemu alimwambia mkuu hivyohivyo, kwamba alama waliyodhani ni meli inayozama ni kivuli, asitume boti ya uokoaji kwenye dhoruba. Mkuu akatuma. Boti haikurudi. Leo marehemu angetoa ushahidi mbele ya tume inayoichunguza ajali hiyo."

Inspekta alimhoji mkuu mchana kutwa. Swali lilelile, mara harakaharaka, mara baada ya kimya kirefu.

"Ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nilimwona kupitia dirisha, yuko juu mnarani, kanipa mgongo, mara kaanguka."

Wakailalamikia kidogo chai mbovu ya kituo.

"Ulikuwa wapi vile?"

"Getini. Alikuwa kanipa mgongo, anakaza nati."

Inspekta akapiga miayo, akafikicha macho. "Ulikuwa wapi?"

"Garini, afande! Kanipa mgongo, nimeshasema!"

"Ofisini, getini, garini. Wewe unahama kila nikikuuliza. Mgongo wake tu ndio hauhami. Na jukwaa la juu mnarani, alipokuwa akifanya kazi, limezungushiwa bati, mzee. Aliye chini haoni mgongo wala nati."

Mkuu alijishika kichwa.

"Nilipanda kumsihi. Nikamwambia, shemeji, nisitiri, wanao ni wanangu. Akasema wale mabaharia nao wana watoto. Akanipa mgongo, akaendelea na nati zake. Nikamsukuma kwenye uwazi wa ngazi."

"Kwa sababu ya cheo?"

"Cheo. Na jela niliiogopa."

Mjane wa fundi alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akimbembeleza kaka yake anywe. Inspekta hakuwa na nguvu ya kumtoa.

"Kaka, ulimsukuma?"

"Nilimsukuma."

Akaiweka glasi mezani. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza tena, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Kaka. Ulimsukuma?"

"Nilimsukuma, mdogo wangu."