Unaosha Nani, Plamedi?

Hebu niambie: uko na diplome, uko na njaa, mtu anakuwekea bastola mezani na kazi kando yake. Weye ungetazama kipi kwanza?

Plamedi alitazama kazi. Licence ya chuo kikuu ya électromécanique, mention distinction, mwaka wa sita inaning'inia ukutani pale mtaani Kikula, na mwenyewe anatengeneza pasi za majirani. Vive le pays! Basi jua lilipokuwa linazama, Kitenge, mkubwa wa walinzi wa mgodi mmoja upande wa Kambove, akaingia na bastola ndani ya kitambaa.

"Sûreté hii ya kuzuia risasi inalegea," alinong'ona. "Naifunga, inajifungua yenyewe. Itengeneze, petit, kesho uko engagé kwetu mgodini. Mais hapana kuuliza-uliza."

"Chef, minye niko ingénieur, hapana commissaire wa polisi."

Kitenge akaiacha bastola mezani. Akaenda kungojea ng'ambo ya barabara. Mbali.

Plamedi akatoa chargeur, kile kisanduku cha risasi, akahakikisha hamna risasi iliyobaki ndani ya bastola, akavua culasse, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma. Chini ya sûreté palijaa udongo wa kijani, ule wa shaba.

Udongo mbichi.

Akausugua kwa mswaki na petroli juu ya beseni la maji mpaka chuma kikang'aa. Akageuka kuchukua kitambaa. Aliporudi... udongo. Safari hii ulikuwa na nywele fupi ndani. Akaosha tena. Maji ya beseni yakawa mazito, na harufu yake haikuwa ya petroli.

Mama yake, Maman Hélène, anayeosha wafu wa parokia, alisimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Plamedi... unaosha nani?"

"Maman, ni chuma tu."

"Chuma? Hii harufu minye naijua miaka makumi mbili! Huyu ni mtu wa mashimo, wa kuchimba shaba. Hakuna ndugu hata mmoja aliyemuosha na kutaja jina lake, na weye umemuosha. Sasa anajua weye ndiye ndugu yake."

"Maman, pardon! Ndugu ananipa kazi kesho?"

Kwa hasira akarudisha culasse, akasukuma sûreté juu. Ikakaa. Imara. Parfait.

Kla.

Ikashuka yenyewe.

Akaisukuma tena. Kla. Chargeur iko mezani, mbele ya macho yake. Akavuta culasse nyuma kidogo, achungulie.

Risasi moja. Ya kijani.

Akataka kuitupa bastola. Vidole vikakataa. Kitu cha baridi, laini kama ngozi iliyolala majini, kilikuwa kimefunika mkono wake, kidole juu ya kidole. Mdomo wa bastola ukaanza kugeuka... polepole... mpaka ukamwelekea Maman Hélène.

"Haniachii, Maman..."

"Hataachia bila jina," mama alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nenda kwa anayelijua. Haraka!"

Plamedi akauvuta mkono ule kwa mkono wa kushoto, akatoka nao barabarani kama anayeburuta mtu. Kitenge alipouona, akaanza kurudi nyuma.

"Simama, chef!" Sauti ilikuwa ya Plamedi, lakini nyuma yake palikuwa na nyingine, imejaa maji. "Kazi yako kula weye na bakubwa bako! Taja jina lake! Taja, na muonyeshe shimo lenye mulimutupa ndani kisha kumuua. Maman yangu anangojea kumuosha!"