Vidole Vinne vya Nzilani

Kila Jumamosi Nzilani alifagia gereji ya babake pale Kathonzweni, akapanga spana ubaoni, kisha akangojea kazi aliyoipenda: kupima kwa mkono. Mzee Mutunga akifunga tairi alitaka vidole vinne vya bintiye vipite kati ya tairi na madigadi, lile bati linalolifunika, usukani ukiwa umekatwa, yaani umezungushwa hadi mwisho. Visipopita, tairi lilifunguliwa.

Jumamosi moja ya mwaka 1986, Mjomba Ndululu alileta gari alilonunua Nairobi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amekata springi ili likae chini, nalo lilikaa chini kwelikweli; hata kuku angepita uvunguni kwa kuinama. Mjomba alikuwa na seti mbili za magurudumu: ringi pana zinazong'aa, zenye tairi nene, na nyingine nyembamba, kuukuu.

Jumatatu gari hilo lingempeleka Nyanya Ndinda, mama yake Mjomba, hospitali ya misheni, apasuliwe mtoto wa jicho. Daktari wa macho alifika huko mara moja tu kwa mwaka.

"Funga hizo pana, shemeji," Mjomba alisema. "Na wewe Nzilani, kesho nitakuzungusha sokoni, wenzako wakuone."

Baba alizifunga, akakata usukani. Upande wa kushoto vidole vinne vilipita. Upande wa kulia vilipita viwili. Nzilani alizitazama zile ringi, akawaza wenzake watakavyokodoa macho.

"Vinne, Baba," alisema. "Pande zote."

Baba alimwamini, akarudisha spana ubaoni.

Jumapili baada ya ibada, Nyanya alimshika Nzilani mkono wapite mtaro. "Sasa mjukuu wangu nakujua kwa sauti tu," alisema. "Namshukuru Mungu nimepata gari. Nitakaa nyuma na mamako na shangazi zako, na gunia la pojo la kuwapelekea wauguzi."

Nzilani alihesabu kimya watu wote hao na lile gunia, juu ya springi zilizokatwa. Alimkabidhi Nyanya kwa mama, akamkimbilia baba.

"Baba, jana nilikudanganya. Kulia vilipita viwili."

Mutunga hakumkaripia. Aliwaita akina mama watano wa kwaya, wenye afya njema, akawaomba waende gerejini pamoja na Mjomba, waketi ndani ya gari lake.

"Tunapimwa sisi ama ni gari?" Mama Mutindi aliuliza, na wenzake wakacheka.

Gari lilididimia. Baba alipokata usukani na kulisogeza, tairi la kulia lilikwaruza madigadi kwa kelele, na vipande vya mpira vikaanguka chini. Kicheko kilikatika.

"Hilo lingepasuka kabla hatujafika mji wa Wote," Mjomba alisema polepole. "Na mama yangu akiwa ndani." Alikwenda mwenyewe kuleta zile nyembamba. Zilipofungwa, wale akina mama wakiwa bado wameketi, vidole vinne vilipita kila upande. Mara hii Baba alipima pia.

Ijumaa Nyanya alirudi bila bandeji. Alishuka, akayatazama magurudumu, akatikisa kichwa. "Ndululu, haya ni mabaya kabisa. Lakini yamenifikisha."

Kisha akauinua uso wa Nzilani kwa mikono miwili, akautazama kwa muda mrefu. Nzilani alianza kulia kwa shukrani na aibu.

"Ulinidanganya, ukavunja imani yangu," Baba alimwambia. "Lakini ulirudi kusema ukweli mapema, wakati bado ungeweza kutusaidia. Ukikosea tena, na utakosea, usingoje."

"Asante, Baba," alisema Nzilani.

"Usinishukuru mimi," Baba alijibu. "Mimi ndiye ninayekushukuru. Huyu ni mama mkwe wangu, na leo anakuona."