Mwito Usiokuwa Wake

Mwaka 2002, vita vilipokata barabara ya Uvira, watu wa Baraka walijaa kwenye nyumba ya foni, redio ya kuongea na walio mbali, kuliko kanisani, kila mmoja akitafuta ndugu. Katika msongamano huo Godelieve, mwendesha foni, kitenge cha njano kimemkaa kiunoni, alimkanyaga fundi Casimir aliyeitwa kutengeneza kompyuta.

"Pole, fundi. Mguu yako ilipita mbele ya kazi yangu."

"Kanyaga na ule mwingine, nao usione wivu."

Juma la pili walikuwa wanaitana chéri, mpenzi. Kompyuta ilikuwa bado mgonjwa: ujumbe wa maandishi ukiingia kutoka redioni, inaganda. Kifaa kikitaka kusema hukatisha mashine kazi yake. Programu isipokiitikia "nimesikia", kinaita bila kukoma. Na redio ilichangia waya mmoja wa kuitia na imprimante, mashine ya kuchapa.

Lakini Casimir alikuwa anasikiliza kingine. Kila saa nne asubuhi, sauti ya mwanaume ilikwaruza redioni kutoka kijiji cha Mboko: "Bibi yangu! Ulivaa nini leo?"

"Kile cha njano, bwana wangu!"

"Ule ni nani?" Casimir aliuliza.

"Fabien."

"Fabien gani?"

"Fabien wangu. We tengeneza mashine."

Godelieve alimwona anavyovimba kwa wivu, ikamfurahisha.

Wanajeshi wakakataza kuongea redioni. Yakabaki maandishi tu. Jumatatu jina la Fabien lilitokea kwenye kioo, kompyuta ikaganda. Casimir akaiwasha upya, akaziba mwito wa redio, maandishi yasiingie tena. "Ni essai, jaribio tu," alijiambia. Mashine ikaenda vizuri, na yeye akalala vizuri.

Alhamisi Godelieve alikuja bila kuchana nywele.

"Mboko banasema ilichomwa. Fabien iko kimya siku tatu."

"Unamulilia mbele yangu?"

"Ni babu yangu, Casimir! Baba ya mama. Babu gani haiite mujukuu wake bibi?"

Casimir akaweka bisibisi chini.

"Si vita. Ni mi nilimufungia."

Godelieve akamwonyesha kompyuta kwa kidole. "Fungua."

Akafungua; kompyuta ikaganda. Akakaa, akasoma programu mstari kwa mstari, Godelieve amesimama nyuma yake. Jua lilipoinama akaliona kosa: programu ya imprimante ilidaka kila mwito wa ule waya na kujibu, "Ni wangu." Redio haikuitikiwa hata siku moja. Akaandika: uliza kwanza, kama si wako, pisha.

Jumbe zilizokwama redioni zikaingia, tatu za Fabien. Ya mwisho: *Bibi yangu, niko muzima, nyumba ndiyo iliungua. Haunijibu, uliolewa?*

Godelieve alicheka huku analia. "Imprimante ni we kabisa! Andika. Sema kweli."

Casimir akaandika: *Babu, ni Casimir. Nilikufungia juu ya wivu. Samahani. Nataka kuoa mujukuu wako.*

Jibu lilichelewa. *Bibi yangu haposwi kwa mashine. Kuja na miguu, tupigane.*

"Njia iko na waasi," Godelieve alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Ngojea itulie."

Casimir alikuwa tayari anafunga kamba za viatu.